Hita za Bei Mbaya na Sakafu ya Mwanangu

Fundi alikuwa anakula chapati ya tatu aliponiambia kwamba nyumba yangu haina baridi.

Alisema kwa upole, mdomo umejaa, kipimajoto chake kimesimama katikati ya sebule juu ya miguu mitatu kama kamera ya mpiga picha wa pasipoti. Ishirini na mbili na nusu. Akakigeuza nijisomee mwenyewe. Halafu akanyoosha kidole, kile chenye mafuta ya chapati, kwenye kiboksi cheupe kilichobandikwa ukutani karibu na mlango wa chumba. Kiboksi hicho nilikuwa nakipangusa vumbi kila Jumamosi bila kujua kazi yake.

"Hicho ndicho kinachotuletea taarifa ofisini," akasema. "Nyumba zote za ngazi hii zinasomeka zina joto, na yako ndiyo inaongoza. Kwa hiyo mfumo unapunguza."

"Unapunguza nini?"

"Maji ya moto kwenye elementi."

Elementi ni yale mabati meupe chini ya madirisha. Maji ya moto yanapanda kutoka chini ya jengo, yanapita humo, na joto lake limo ndani ya kodi ya nyumba. Sisi sote hapa Alby, Sweden, tunaziita hivyo hivyo, elementi, awe Mtanzania, Mkongo au Mrundi. Na zangu zilikuwa vuguvugu tangu majani yalipoanza kudondoka. Ndiyo maana tukanunua hita mbili za umeme, za bei mbaya, za kioo cheupe. Sasa huyu ananiambia kwamba hita zangu zimekuwa zikikidanganya kiboksi, kiboksi kinaidanganya ofisi, na ofisi inatukata joto ambalo tumeshalilipia. Nanunua joto ili ninyimwe joto.

Nilimnyang'anya sahani.

Sijawahi kumnyang'anya mtu sahani maishani mwangu, hata mdogo wangu wakati ule tunagombania nyama. Nilimnyang'anya ikiwa na nusu chapati, nikachomoa plagi za hita zote mbili, nikamwambia, "Basi kaa hapo. Kaa saa mbili tu. Utaona nyumba yangu ilivyo."

Akatazama saa yake. Alikuwa na nyumba nyingine sita. Akajifuta vidole kwenye suruali, akabonyeza bonyeza kishikwambi chake, akaniandikia: hakuna kasoro. Mlangoni akasema asante kwa chakula. Nadhani alimaanisha.

Nikabaki nimesimama na ile sahani, na hasira zangu nyingi zilikuwa juu yangu mwenyewe. Kwa sababu chapati nilizipika mimi. Niliambiwa fundi atakuja kati ya saa mbili asubuhi na saa sita, na mimi nikafanya kile nilichomwona mama yangu akifanya kila mgeni akitangazwa. Niliamka mapema, nikadeki, nikapika chapati ishirini, nikachemsha chai ya maziwa, na hita zote nikaziweka mwisho kabisa tangu alfajiri. Sikutaka mtu aingie kwangu akute nyumba imepoa kama ya watu waliohama. Nikamwita mtu aje apime baridi, halafu nikaifukuza baridi asije akaumwa.

Watu wananiuliza kama zile hita zinafaa. Kina mama wa kwenye kundi la simu wananiuliza kila wiki, wanatuma picha kutoka madukani, "Dada, wewe si unazo hizi?" Ninazo. Ngoja niseme nilivyozipata.

Binti yangu mdogo alikuwa na miezi minane wakati huo. Nesi wa kliniki ya watoto aliniuliza kama anatambaa. Nikasema bado. Akaniuliza anakaa wapi mchana. Nikasema mgongoni, wapi tena? Akatabasamu lile tabasamu lao, akasema ni vizuri, lakini mtoto anahitaji sakafu. Mweke chini, atajifunza mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikamweka chini. Baada ya dakika kumi miguu yake ilikuwa baridi kama kopo la maziwa lililotoka kwenye friji, na yeye mwenyewe ananinyooshea mikono nimbebe. Nikachukua kipimajoto chake cha kuogea, kile chenye umbo la bata, nikakilaza sakafuni pale alipokuwa amekaa. Bata akasoma kumi na sita.

Nikamfunga tena mgongoni. Ningefanyaje?

Niliwapigia wenye nyumba. Wakasema hali ya hewa. Nikapiga tena, wakasema elementi zisifunikwe na pazia. Hapo walikuwa na haki kidogo, kwa sababu mapazia yangu yalikuwa yale mazito ya kugusa chini, yenye dhahabu dhahabu. Niliyakata kwa mkasi. Nilivyoyapenda mapazia yale! Baridi ikabaki palepale.

Ndipo baba watoto akatoka siku moja akarudi na maboksi mawili. Yeye ni dereva wa basi, mtu mtaratibu, hapendi kelele, na akiona mke wake anapiga kelele anakwenda dukani. Muuzaji alimwambia hizi si hita za kawaida. Zina kioo, zina wifi, zinajifunza tabia za familia. Mpaka leo nasubiri zijifunze tabia zangu.

"Hizi si za kuchezea, mama watoto," akasema, anavuta nailoni polepole kama anafungua zawadi ya harusi.

"Zinatoa joto kuliko ile ya jirani?"

"Hizi ni za kisasa."

"Nimeuliza joto."

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mkongo, mama mwenye mapacha, na jengo zima tunamwita mama mapacha. Yeye alikuwa na hita ya mafuta, ya mitumba, yenye magurudumu, inayofanana na akodioni ya kanisani. Alipokuja kuona za kwetu alizunguka mara mbili, akapiga kofi. "Eh, dada! Hii shofaji ni ya waziri!" Kisha akainama akasoma kibandiko cha nyuma. Yeye kule kwao alisoma mambo ya umeme, hapa anasaidia wazee kuoga. "Wati elfu moja," akasema. "Na ya kwangu wati elfu moja. Wewe umelipa kioo."

Mimi nimeishia kidato cha nne, na fizikia nilipata D. Lakini hilo nililielewa papo hapo, na nasema hapa kwa yeyote mwenye kutaka kujua: wati elfu moja ni wati elfu moja. Ukilipa mara tano zaidi, joto haliji mara tano. Utapata kioo kizuri kisichotakiwa kuanikiwa soksi, na utapata taa ya bluu. Na utapata mume mwenye hita kwenye simu.

Hilo la simu ndilo lililokaribia kunivunjia ndoa. Bei ya umeme hapa inabadilika kila saa, na yeye akaipata programu inayomwonyesha. Basi yuko kituo cha mwisho huko Vällingby, kwenye mapumziko yake, anakunywa kahawa, anaona bei imepanda, anateremsha joto la sebule yangu kwa kidole gumba. Mimi niko na mtoto, nasikia "tik", hita inazima. Nampigia.

"Umezima?"

"Nimepunguza tu. Saa hii bei ni mbaya."

"Na mtoto naye nimpunguze?"

"Vumilia mpaka saa nane, mama watoto. Saa nane inashuka."

Siku hizo nilikuwa nazungumza na vioo vya zile hita kuliko nilivyozungumza na watu. Na ukweli ni kwamba hata zikiwaka mwisho, joto lilikwenda juu. Ukisimama unasikia raha usoni, ukichuchumaa unakutana na baridi imekaa inakusubiri. Bata wa mtoto hakuwahi kuvuka kumi na saba.

Kwa hiyo fundi alipoondoka na chapati zake tumboni, nilikwenda kwa mama mapacha nikiwa bado na sahani mkononi. Nikamwambia habari ya kiboksi. Na yeye anacho. Nyumba zote zinacho, na nyumba zote za ngazi yetu zina hita ya umeme, kila mtu amenunua kimyakimya akidhani ni yeye peke yake anayesikia baridi. Nikamwambia nitaomba fundi arudi, na safari hii tutazima zote, ngazi nzima, siku tatu kabla.

"Siku tatu?" akasema. "Na Alhamisi ni maombi kwangu. Batu ishirini."

"Yaahirishe. Watu ishirini ni joto."

"Dada, unataka nizime shofaji, nizime jiko, nizime na Roho Mtakatifu?"

"Kwa siku tatu tu."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini maombi aliyahamishia kwa dada mmoja anayeishi Tensta, na ni yeye aliyegonga milango mingine, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili chake, na kwa ishara kwa yule mzee wa ghorofa ya chini asiyeongea na mtu. Baba watoto alikuwa mgumu kuliko wote. Alisema ukizizima ghafla zinapoteza kumbukumbu. Nikamwambia zipoteze.

Siku tatu hizo sitaki kuzieleza sana. Tulilala wote kitanda kimoja na makoti juu. Mtoto hakushuka mgongoni isipokuwa kubadilishwa nepi. Sikupika kitu cha oveni wala cha kuchemka muda mrefu.

Fundi akarudi, yuleyule. Alisimama mlangoni akanusa, naapa alinusa. Hapakuwa na kitu. Niliweka mikono nyuma nisije nikajisahau nikamkaribisha kiti. Binti yangu mkubwa ana miaka sita, anaongea Kiswahili akitaka peremende tu, akauliza kwa sauti: "Mamma, ska han inte få chapati?" Eti hapewi chapati huyu? Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Kumsimamisha mtu sebuleni bila hata maji ya kunywa! Nikamwambia mwanangu kwa Kiswedi, ili na mgeni asikie, "Leo hapana. Leo anafanya kazi."

Hakuvua koti. Akasimamisha miguu yake mitatu, akasubiri, akasoma kumi na nane na kitu. Akakuna kichwa.

"Ni chini kidogo," akasema.

"Sasa pima chini."

"Chini wapi?"

"Sakafuni."

Akasema wao wanapima katikati ya chumba, kwa urefu ule. Nikamfungua mtoto mgongoni nikamkalisha mbele ya viatu vyake. Mtoto akamtazama fundi kwenda juu, kama mtu anayetazama mnara, midomo inatetemeka. Nikaweka bata pembeni yake. Kumi na nne.

"Huyu ndiye anayeishi hapa chini," nikamwambia. "Huko juu unakopima hajafika bado."

Alichuchumaa. Kwa hilo namsifu. Aliweka kiganja sakafuni, akakiacha pale, na uso ukambadilika. Halafu akasimama akasema kishikwambi chake hakina sehemu ya kuandika sakafu.

Barua ikaja baada ya wiki tatu. Wastani wa ngazi unaridhisha, imeandikwa. Na bila shaka unaridhisha, kwa sababu fundi alipofunga tu mlango kila mtu aliwasha hita yake, na mimi wa kwanza. Ningemlaumu nani? Wastani ulikuwa jasho letu na umeme wetu.

Ile barua niliibandika kwenye friji. Kisha mama mapacha akaniambia kuna ofisi ya jiji inayokagua afya ya makazi, kwamba mzee mmoja anayemwogesha kazini aliwahi kuwaandikia, na kwamba hao wana kipimo cha sakafu pia. Nikakaa mezani, hita imezimwa, mtoto mgongoni. Niliandika kwa Kiswedi, binti mkubwa akinisahihisha maneno mawili. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Nalalamika rasmi kuhusu baridi ya nyumba ninayopanga. Wenye nyumba wamepima mara mbili. Mara ya kwanza walikuta joto, kwa sababu nilikuwa nimewasha hita mbili za umeme nilizonunua kwa pesa zangu, na nilikuwa nimepika. Mara ya pili walikuta baridi, lakini walipima kimo cha mtu mzima. Kiboksi chao cha ukutani kinahesabu joto la hita zetu kana kwamba ni joto lao, na kwa hiyo wanapunguza lile tunalolilipia kwenye kodi. Majirani tisa wametia saini hapa chini kwamba na wao wana hita.

Nina mtoto wa miezi kumi na mmoja. Nesi amesema awekwe chini atambae. Hawezi kukaa chini. Naomba mpime sakafu ya sebule, kati ya dirisha na meza, mahali nilipoweka alama ya utepe.

Naomba pia msinijulishe siku mtakayokuja. Nikijua mgeni anakuja, nitawasha."