Chandarua Tulichotoa

Leo nimefungua chandarua kipya, na ile harufu ya dawa ikanirudisha nyumbani kwetu Rumonge, kando ya ziwa.

Tulikuwa na vyandarua viwili, kipya na chenye matundu. Akaja mwanamke aliyevuka ziwa kutoka Kongo, na mtoto mchanga mgongoni. Mama akampa kipya.

"Hapana, dada, nipe tu ile ya matundu, nitashona."

"Ile iko yetu. Mungu hatumupi makombo."

Mvua zilipoanza, malaria ikamchukua mdogo wangu. Sitaki kumsingizia mtu: mbu walituuma hata nje, jioni, tukichambua vile visamaki vya ndagala. Labda ingekuwa vilevile. Sijui.

Baada ya matanga yule mwanamke akakirudisha kile chandarua, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Mama akakishikilia kifuani kwa muda, na mwanamke alipokwisha kuondoka, akaniita.

"Kimbia, umurudishie. Mutoto wake atalala bila kitu?"

Sikukimbia. Nilitembea polepole nimekikumbatia, na njiani nikamwomba Mungu jambo baya juu ya yule mtoto wa mgongoni. Hata humu daftarini sijaweza kuliandika.