Kidaka Mgongoni mwa Mume Wangu

Ndugu wasomaji, jina langu analo mhariri na nimemwomba afe nalo. Nina miaka ishirini na saba, watoto wawili, kwetu Lindi, nimeolewa hapa Keko. Mume wangu ni dereva wa lori kule Kurasini, mtu mpole, hana neno na mtu. Tabu yake ni usingizi. Akilala chali anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta, halafu ghafla kimya. Hapumui! Nakaa namngoja roho mkononi, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mchana anasinzia hadi kwenye usukani. Alishawahi kuacha barabara, akasingizia breki.

Nikamkokota zahanati. Daktari akasema, "Akilala chali ulimi unarudi nyuma, unaziba koo. Alale ubavu." Sasa mtu kalala, atajuaje kama kageuka? Nikaokota kidaka, ile nazi changa inayodondoka kabla ya kukomaa, nikakishonea mgongoni kwenye fulana yake ya kulalia. Akigeuka chali kinamuumiza, anarudi ubavu. Wiki tatu nyumba ikatulia. Kukoroma hakukwisha kabisa, lakini mchana yuko macho, hata kuoga anaoga anaimba.

Basi mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kawe. Siku hiyo natoka kwenye foleni ya sukari, namkuta uani kafua nguo za mwanawe, fulana kaipasua, kidaka mkononi. Sijamaliza hata shikamoo.

"Nini hiki? Nyie watu wa kusini nyie! Umemfunga mwanangu kwa uchawi!"

Majirani wakajaa. Nikamtazama mume wangu aseme neno moja tu. Akatazama viatu vyake.

Chumbani nikamuuliza, "Ndiyo umeniacha hivi hivi?"

Akajibu, "Kazini wakijua nina ugonjwa wa kusinzia, leseni wanachukua. Watoto watakula nini? Livumilie tu hilo jina, mke wangu."

Nililia kwa hasira, jamani, si kwa huzuni.

Mama kaleta mganga wake. Mnajua kaagiza nini? Mume wangu alale chali siku arobaini, dawa kifuani, isidondoke! Mie nimehamishiwa kwa watoto, mama ndiye anayemlinda. Namsikia ukutani: anakoroma, kimya, anashtuka. Leo siku ya tisa. Jana kagonga mkokoteni wa muuza maji. Mwenyewe kapona kwa kuruka mtaroni, na mume wangu karudi kula ugali kama hakuna kilichotokea.

Mshenga kaitwa mwisho wa mwezi, nirudishwe kwetu. Nikisema ukweli mbele ya wazee, kazi yake ndiyo basi, na talaka sidhani kama nitaikwepa. Nimekaa na hili mpaka kichwa kinauma, nanyi ndio mliobaki wa kuniambia la kufanya. Mchawi nimekubali kuitwa. Ila huyo mtu atakayekuwa mbele ya lori kesho, ambaye hatawahi kuruka, damu yake itakuwa ya nani: ya mume wangu, ya mama, au yangu mie niliyejua nikanyamaza?