Nilipunguza wasaidizi wa shule kwenye budget ya kommun huku Stockholm, barua ikaletwa kwangu niisome

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Hili jambo nimekaa nalo muda, na nimechelewa kuliandika kwa sababu mwenye kosa ni mimi. Leo naliweka kama lilivyokuwa. Majina nimebadilisha, na kommun sitaitaja.

Mimi Mtanzania, nilikuja kusoma masters nikabaki. Nafanya kazi ya budget kwenye kommun moja ndogo pembeni ya jiji.

Kwa wasioijua, kommun ni kama halmashauri ya nyumbani, ila hii ina nguvu kweli. Inakata kodi kwenye mshahara wako, na ndiyo inayolipia shule, matunzo ya wazee, watu wenye ulemavu na ustawi wa jamii. Wanasiasa wanaamua fungu la jumla. Sisi wa ofisini ndio tunaoandika pa kukatia.

Vuli moja tukaambiwa idara ya elimu ibane matumizi.

Walimu huwagusi. Pango la majengo huligusi. Boss wangu, mama mmoja wa Kiswidi mpole sana, akanipa mimi nitafute pengine.

Nikaandika kwamba wasaidizi wa watoto wenye mahitaji maalumu wasikae tena na mtoto mmoja mmoja. Wazunguke, msaidizi mmoja kwa watoto watatu. Kwa Kiswidi nikaiita samordning, yaani uratibu. Neno safi, halina damu.

Ilinichukua asubuhi moja. Kisha nikaenda kula.

Baraza likapitisha.

Sasa, Jumapili huwa tunakutana Vällingby kwenye ibada ya Kiswahili. Wakenya, Wakongo, Warundi na sisi. Kuna mama mmoja wa Bukavu, tumwite Mama Furaha, anafanya usafi hotelini. Anaishi kwenye kommun ile ile ninayofanyia kazi. Binti yake Furaha ana miaka kumi na moja, kazaliwa huku huku. Ana kifafa, na maneno yake ni machache, yote ya Kiswidi.

Baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, Mama Furaha akanipa bahasha.

"Kaka, unisomee hii. Nimeisoma mara mbili, lakini naogopa sijaelewa."

Nikafungua. Wakuu, zilikuwa sentensi zangu. Shule ilikuwa imezinakili vile vile, koma kwa koma.

Nikamweleza kwamba msaidizi wa Furaha atakuwa anahudumia na watoto wengine wawili.

"Na akiwa kwa darasa ingine, Furaha anabaki na nani?"

Nikamjibu kuwa mwalimu atakuwepo. Akanishukuru. Akakunja barua akaitia kwenye mkoba.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikaenda kujiongezea kahawa.

Januari, siku ya baridi kali, msaidizi alikuwa kwenye darasa lingine. Mwalimu alikuwa na watoto zaidi ya ishirini. Furaha akatoka nje bila koti.

Alikuwa anajua njia ya kwenda kwa shangazi yake Hjulsta, kwa sababu ameipita na mama yake mara nyingi. Alipanda treni, akafika mpaka Hjulsta kweli, kituo cha mwisho. Ila akatokea mlango wa kituo usio wake, akapotea, na kifafa kikamkuta nyuma ya jengo la maegesho, kwenye theluji.

Shule ilikuja kugundua hayupo wakati wa chakula.

Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyemwona. Alikuwa hai. Hospitali walipambana, lakini ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zilikuwa zimekufa kwa baridi. Wakazikata.

Mimi nilizipata hizi habari kwenye group la WhatsApp la ibada, nikiwa mezani kwangu kazini.

Nikaenda kwa boss. Alilengwalengwa na machozi, hakuwa anaigiza. Kisha akaniambia kwamba fungu halipangwi na sisi, na kama tungekata kwingine, angeumia mwingine. Nikarudi mezani kwangu.

Wiki mbili baadaye nikaenda kwa Mama Furaha. Alinikaribisha jikoni. Furaha alikuwa chumbani na tablet, mkono umefungwa bandeji. Nikamwambia mama yake kwamba ile barua aliyonipa nisome, maneno yake niliyaandika mimi.

Akaurudishia mlango wa chumbani.

"Ulijua mtoto wangu alikuwa ndani?"

"Sikujua. Kwenye karatasi hakukuwa na majina."

"Si ungeuliza, kaka."

Hakunifukuza, na afadhali angenifukuza. Alifuta meza, akaleta karatasi na kalamu.

"Maneno yao unayajua. Andika wamrudishie mtu wake."

Tukaandika maombi pale pale. Najua kwa nafasi yangu ilikuwa kinyume cha taratibu.

Yakakubaliwa. Furaha akarudishiwa msaidizi wake, siku nzima, yeye peke yake.

Mnajua alitoka wapi? Alitolewa kwa wale watoto wawili aliokuwa anawazungukia. Fungu lilikuwa lile lile. Wazazi wao siwajui. Nadhani na wao walipata barua.

Na Furaha hakurudi shule vizuri. Akifikishwa getini anakaa chini na kulia. Siku nyingi anabaki nyumbani, na mama yake ameacha kazi ya hotelini ili akae naye.

Nilichojifunza ni hiki. Mapendekezo ya budget hutolewa hadharani kila vuli, kabla hayajapitishwa, na kikao cha baraza kiko wazi kwa mkazi yeyote. Sisi Waafrika tunasubiri barua, na barua ikifika mambo yameshaisha. Nendeni mkasome mapema. Mkikuta neno zuri msilolielewa, ulizeni linamwondoa nani.

Bado niko kazi ile ile. Vuli hii nimepewa tena kutafuta pa kukatia. Niliomba kwanza nitembelee shule nione watoto wenyewe. Nikajibiwa kwamba hakuna masaa ya kazi hiyo.

Wakuu, ningeacha kazi, angeandika mtu mwingine ambaye hajawahi kumwona Furaha. Nimebaki, naandika mimi.

Ninyi mngefanyaje? Semeni wazi. Nitasoma yote, hata matusi.