Kinyozi Aliyetamani Kutukanwa

Kabla hajawa Mheshimiwa alikuwa Wembe tu. Jina hilo alibandikwa na seremala wa duka la jirani, siku ile ya kwanza alipofungua duka la kunyoa na kumkata mteja sikio. Seremala alisimama mlangoni akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Jamani, leteni sindano na uzi, kuna mtu anashonwa huku!" Wakagombana, wakacheka, na tangu hapo wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Siasa hakuitafuta, ilimfuata dukani. Mtu ukimkalisha kwenye kiti na kumfunga shuka shingoni, ulimi humlegea. Atasema ya mkewe, ya bosi wake, na katika mtaa ule habari waliyoisema zaidi ilikuwa ya mtaro. Mtaro ulikuwa umeziba miaka nenda miaka rudi, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi jikoni. Wembe akasikiliza, akanyoa, akasikiliza, mpaka seremala akamchoka. "Kila siku unatikisa kichwa kama mjusi. Kagombee udiwani, au nyamaza utunyoe." Akagombea, akapita kwa kura kumi na tisa.

Miaka kumi alikuwa diwani na kinyozi kwa pamoja: asubuhi dukani, mchana halmashauri. Mwenye shida alikuja kunyolewa, na mwenye upara alikuja kukaa tu kwenye benchi. Mtaro ukachimbwa, ukafunikwa. Ulipoziba tena, seremala alimporomoshea matusi akiwa palepale kitini, povu kidevuni, matusi yaliyotoka moyoni. Jioni hiyohiyo Wembe alishuka mtaroni na koleo pamoja na vibarua wa halmashauri. Alikuwa na furaha siku zile, basi tu hakujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe.

Kisha chama kikampeleka bunge la jimbo. Tusimwonee, huko nako alifanya kazi: hoja ya zahanati kufunguliwa hata Jumapili ilikuwa yake, na ilipita. Ila alikaa safu ya nne, na kutoka safu ya nne huoni sura, unaona visogo. Alijua nani kanyolewa na fundi na nani kaparuliwa. Wenzake wakigonga meza, yeye mikono ilikuwa inamwasha. Wala hakuna aliyemtukana. Wapinzani walimwita mheshimiwa sana kabla ya kumpinga, na watu wa mtaani kwake walimwandikia barua zenye salamu nyingi mwanzoni na ombi la kazi mwishoni.

Mwaka wa tano chama kilitaka jibu ifikapo Jumatatu: anagombea tena, au vipi? Ijumaa alimwambia mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, "Nimechoka, mama watoto. Nataka kurudi dukani."

Mkewe hakuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Duka lipo, mdogo wako analitunza. Sijui kama watu wapo."

"Wasiwepo wameenda wapi? Si watu wangu wale?"

"Haya, nenda kesho ujionee. Wakikupokea, Jumatatu waambie basi. Mimi mwenyewe nimechoka kuolewa na redio."

Jumamosi aliliacha gari nyumbani na dereva wake, akaenda kwa miguu, akavaa aproni. Wanaume watano waliokuwa kwenye benchi wakibishania mpira walinyanyuka wote kwa pamoja kama darasa lililoingiliwa na mkaguzi.

"Kaeni, jamani. Mimi mgeni hapa? Zamu ya nani?"

Ghafla hakuna aliyekuwa na haraka. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni, akaondoka. Mwingine alisema mvua za mwaka huu si haba, na wenzake wakamtazama kwa shukrani.

Ndipo seremala akaingia, nywele zimejaa vumbi la mbao. Alisita, akakaa kitini, mgongo wima kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho.

"Habari za bunge, Mheshimiwa?"

"Bunge gani, bwana! Nipe habari za mtaro."

"Mtaro hauna neno, Mheshimiwa."

Wembe alikuwa anausikia mtaro unavyonuka kutoka pale aliposimama.

Akafanya jambo ambalo kinyozi mwenye akili zake hafanyi. Alichomoa kichana cha mashine, akaipitisha utosini kwa makusudi, kutoka kwenye paji la uso moja kwa moja hadi kisogoni, ikabaki njia nyeupe kama ya kukatiza shamba la mahindi. Benchi zima likavuta pumzi. Akampa rafiki yake kioo, akasubiri. Moyo ulimdunda kuliko siku ya kuhesabiwa kura. Nichambe, alimwomba kimoyomoyo. Nichambe, ndugu yangu, nirudi nyumbani.

Seremala alijitazama kwa muda mrefu. Taya zilimcheza. Kisha akateremsha macho.

"Imependeza, Mheshimiwa," alisema. "Imependeza sana."

Akavaa kofia, akashukuru, akatoka. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na duka jingine la kinyozi lenye pazia mlangoni, na Wembe alimwona akiingia humo. Mara zikasikika kelele: "Mungu wangu! Nani kakufanyia unyama huu?"

"Nani kama si Wembe!" Sauti ya seremala ilivuka barabara nzima. "Miaka mitano anapapasa meza kule, leo hajui hata kichwa kinaanzia wapi! Na mtaro unatuua, pua yake sijui kaisahau bungeni!"

Wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza lake, na mwingine lake.

Mdogo wake aliona aibu. "Kaka, nikawanyamazishe?"

"Thubutu!"

Alitamani kuvuka, jinsi alivyotamani! Ilikuwa hatua kumi na moja tu. Lakini alijua kwamba akitia kichwa kwenye lile pazia watanyamaza, watanyanyuka wote, watampisha kiti. Kwa hiyo alijibanza nyuma ya mlango wa duka lake, asionekane, akasikiliza mpaka walipochoka kumtukana.