Wimbo Aliouchagua Mke Wangu

Kiwanda chetu cha nguo kilitukusanya kutoka makabila mengi, na watoto wetu walilelewa na mwanamke mmoja. Tulimwita Mama Mgongo, kwa kuwa mgongo wake haukukaa mtupu tangu king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni. Kila mama aliyemkabidhi mtoto alimwachia na wimbo wa kwao wa kubembelezea. Alizishika nyimbo zote, ingawa maana hakuzijua.

"Watoto hawaulizi maana," alikuwa akisema. "Wanauliza maziwa."

Mke wangu, msokota nyuzi, alifariki binti yetu akiwa bado mdogo. Juzi binti huyo kajifungua. Alitaka kumwimbia mwanawe wimbo wa mama yake, lakini alikumbuka sauti tu na maneno mawili matatu. Aliponiuliza, niliinamisha kichwa. Mimi ni wa kabila lingine, na kuimba ninaona haya.

Tukambeba mtoto hadi chumbani kwa Mama Mgongo, kwenye kota za kiwanda. Binti alipoanza kuuimba ule wimbo chini chini, bibi akaudaka na kuumaliza wote. Binti akafuta machozi.

"Kumbe ndiyo lugha ya kwao mama!"

"Hapana, mjukuu wangu. Huu ni wa mama mmoja wa chumba cha kutia nguo rangi."

Uso ukamshuka. "Basi si wetu."

"Nisikilize. Mama yako alizaliwa kota hizi hizi. Bibi yako alishinda kwenye mashine, lugha ya kwao ikamfikia mwanawe salamu tupu. Mama yako alipokuleta kwangu akaniambia, 'Mama, mimi sina wimbo wa kumpa huyu.' Nikamwimbia zote nilizokuwa nazo. Kufika huu akanishika mkono: 'Nipe huu.' Akawa anakuja kila akitoka zamu, hoi, mpaka akauweza."

Binti akamtazama mwanawe. "Na huyu tumwite kabila gani, bibi?"

"Sasa hivi? Kabila lake usingizi. Usimwamshe."

Tukacheka kwa kujizuia. Kisha binti akavuta kigoda karibu. "Nifundishe, bibi. Polepole."

Tulipokuwa tukirudi, binti alikosea mstari wa pili. Nikauimba inavyotakiwa, kama mama yake alivyouimba nyumbani. Akasimama pale njiani, akanigeukia mdomo wazi.

"Baba! Kumbe unaimba?"

"Twende," nikamwambia. "Mtoto ataamka."

Lakini niliendelea kuimba.