Jirani Aliyeuguza Mwasumini Wetu

Mwaka nilioposwa, katikati ya miaka ya themanini, mwasumini wa ua wetu pale Malindi ulianza kujikunja majani. Vitumba vilikauka kabla ya kufunguka, na majani yakawa yananata, yana weusi kama masizi ya sufuria. Arusi ilibakiza miezi miwili. Mama alikwisha kuutangazia mtaa kwamba asumini za mwanawe zitatoka uani kwake, hakuna cha kununua sokoni.

Basi akatafuta wa kumlaumu, wala hakwenda mbali. Jirani yetu wa ukuta mmoja aliwahi kuusifu mti ule bila kusema mashallah. Mama akasema ni jicho. Aliufukizia ubani, akaunyunyizia maji yaliyosomewa, na jirani akamnunia waziwazi. Mti ukazidi kudhoofu. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Asubuhi moja jirani akaingia na ndoo yake.

"Hodi! Nimekuja kumtazama mgonjwa, si wewe."

Mama hakumfukuza. Jirani hakugusa jani kwanza. Alichutama, akawatazama sisimizi waliokuwa wakipita juu ya kamba ya nguo hadi mtini.

"Hawa hawapandi bure," akaniambia. "Kuna kitu wakifuatacho."

Akapindua jani. Chini yake palijaa vidudu vyeupe, laini kama pamba, vikifyonza utomvu na kutoa utamu uliowavuta sisimizi. Na sisi tulioupita mti ule kila siku, hakuna aliyepindua hata jani moja! Alifungua ile kamba ili sisimizi wakose njia, akakata matawi yaliyokauka, akakoroga sabuni ya kufulia ndani ya maji, akapangusa majani mojamoja kwa kitambaa. Alirudi kila baada ya siku tatu. Macho na subira kama zake sijaziona tena kwa mtu.

Vitumba vipya vilipotokeza, mama alishindwa kujizuia.

"Dada, mimi nilisema ni jicho lako."

"Najua. Mtaa mzima wajua." Jirani hakuacha kupangusa. "Nami ningekaa kununa, bi arusi angevaa nini?"

Mama aliinama, machozi yakamtoka.

Siku ya arusi shangazi zangu walikuja na sindano zao, tayari kutunga asumini. Mama aliwakatalia wote. Kikuba changu, kile kishada cha asumini cha kubana kifuani, alikitunga jirani, peke yake.