Jagi la Maziwa la Mama

Sisi tuliokulia Lodwar zamani tuliyajua maziwa kwa harufu yake. Mama zetu walitia kaa la moto kibuyuni, wakakitikisa, wakakung'uta majivu, ndipo wakamimina maziwa. Yalitoka na harufu ya moshi ambayo vijana wa leo, waliolelewa kwa maziwa ya pakiti, hudhani ni ya kuungua.

Baba alikuwa mpishi wa ofisa Mwingereza. Ofisa huyo alipoondoka alimwachia seti ya chai ya kaure, yenye maua ya samawati na ukingo wa dhahabu, pamoja na jagi dogo la maziwa. Jumapili ya kwanza, Mama, kwa kutaka maziwa ya wageni yanoge, alilifukiza jagi lile kama kibuyu. Likapasuka, mshikio ukabaki mkononi mwake. Shangazi zangu hawakumhurumia. "Mke wa mpishi," walimwita tangu siku hiyo, "tuletee chai yenye makaa!" Mama alicheka nao, kisha akaifungia seti nzima sandukuni. Wageni wetu wakarudi kwenye vikombe vya bati.

Katika miaka ya tisini, nikiwa mwalimu na Mama akiishi kwangu Kanamkemer, nilitaka anywe chai kwa seti ile, ikiwa kamili, kabla macho yake hayajafifia kabisa. Kiwanda kilikuwa kimeacha zamani kutengeneza vyombo vya maua yale. Lodwar nzima ilinipa habari: jagi liko Kainuk, jagi limeonekana Katilu. Nilikwenda kote. La Katilu halikuwako. La Kainuk lilikuwa la plastiki. Tangu hapo sikuamini jagi ambalo sijaligeuza na kusoma muhuri wa kiwanda chini yake.

Kakuma nilikwenda kwa kazi ya mitihani, wala si kwa uvumi. Huko, katika kambi ya wakimbizi, mama mmoja kutoka Sudan aliyeuza karanga alikuwa ametia vijiko vyake ndani ya jagi dogo. Nikaomba ruhusa, nikavishika vijiko visimwagike, nikaligeuza. Maua yale yale, muhuri ule ule.

"Mwalimu, hiyo hapana uza," alisema. "Ya mama ya bwana yangu. Nimebeba kwa miguu kutoka kwetu."

Nikamweleza habari ya kaa la moto. Alicheka hadi karanga zikamwagika. "Mama yako aliweka moto ndani ya hii? Huyo ni mtu wetu kabisa!" Kisha akakiona kibuyu cha maziwa alichonifungia Mama kwa safari, akakizibua, akanusa, akanusa tena.

"Hii amefanya yeye?"

"Yeye mwenyewe."

"Tangu nitoke nyumbani sijanusa hii." Akavimwaga vijiko mkekani. "Acha hii kibuyu, beba hiyo jagi."

Nilipofika nyumbani, Mama aliulizia kwanza kibuyu chake. Nikamtia jagi mikononi na kumsimulia yote. Alilipapasa polepole, kuanzia mshikio hadi mdomo.

"Basi, Ewoi," akasema, "waambie shangazi zako: kufukiza nilijua. Chombo ndicho kisichojua."

Sanduku likafunguliwa jioni ile ile. Alikataa kumimina. "Mimina wewe, mwanangu. Jagi hili na mimi bado tunaogopana."

Wajukuu wangu huniambia kwamba siku hizi kila kitu kinapatikana kwenye simu. Nitaamini nikikigeuza na kuona muhuri. Wao hunywa chai ya chupa kwa vikombe vya plastiki, na seti iliyokamilika hukaa kabatini. Mama hayupo tena. Kila Jumapili namimina maziwa ya pakiti katika jagi lake. Ni meupe, safi, hayana kasoro yoyote. Nayanusa kabla ya kunywa. Hayanukii chochote.